Mafuta ya Alizeti kwenye Diski Mpya

Eliwaza mwanangu,

Umenipita hapa mara mbili unauliza naandika nini, nikakwambia naandika vipimo vya gari. Siyo kweli. Nakuandikia wewe. Nimekaa juu ya tairi la akiba, jua bado lipo, na nataka nimalize kabla halijazama, maana mwandiko wangu gizani hata mwenyewe siusomi.

Habari za sabuni, na kufua soksi, na kumwamkia kila mkubwa utakayemkuta kwa shangazi yako Manyoni, mama yako ameshakwambia na ataendelea kukwambia mpaka gari iwake. Hayo namwachia yeye. Mimi nataka kuongea habari ya breki, na yaliyotokea leo. Najua utacheka, utasema baba hana kitu kingine. Ni kweli sina kingine. Shule niliishia darasa la nne, na mdomo wangu unaujua, watu wakifika watatu mimi nimeshanyamaza. Ila macho yangu yanafanya kazi. Naona unavyoangalia vitu, naona kama najiangalia mimi. Tofauti ni kwamba wewe ukishaangalia unauliza.

Unajua kwa nini unaondoka. Shule ya huku mnavuka korongo, mvua ikinyesha mnakaa nyumbani wiki nzima, na wewe hukai nyumbani vizuri, unafungua vitu. Shangazi yako akasema mlete. Akasema pia kitanda ni kimoja, na shule ikifunguliwa hujafika atamchukua mtoto wa wifi yake ambaye naye anasubiri. Hakusema kwa ubaya. Ndo hali yenyewe ilivyo.

Na gari ya kukupeleka ikawa hii ya Mzee Kitundu. Pikapu hii ilibeba chumvi kutoka kule chini ziwani kiangazi kizima, halafu masika yote ikalala nje kwa sababu mzee aliumwa mguu. Chumvi, mvua, na kusimama. Alipopona akaja kwangu, akaniambia, "Baba Eliwaza, gari ikishika breki inalia mbele kama inasaga mahindi mabichi, na usukani unacheza ngoma. Nataka kupeleka alizeti Manyoni. Ukinitengenezea, binti yako atakaa mbele na mimi, namfikisha mlangoni kwa shangazi yake." Nikasema sawa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumshukuru, likatoka hilo moja.

Tulipotoa tairi la mbele ulikuwepo. Uliiona diski kabla yangu, ukachuchumaa mpaka pua ikakaribia kugusa. Lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na tairi, ambalo ukikanyaga breki pedi zinalibana huku na huku, lilitakiwa liwe linang'aa. Hili lilikuwa jekundu lote, lina magamba, ukingo wake umesimama kama ukingo wa sinia. Ukabandua gamba moja kwa kucha, chini yake kukawa na gamba lingine. Ukabandua na hilo.

Ukaniuliza, "Baba, kutu ni ugonjwa au ni uzee?"

Nikakwambia, "Shika hizi boliti zisipotee."

Swali hilo nimelala nalo. Mimi nimeona kutu tangu nimeanza kushika spana na sijawahi kujiuliza hivyo. Kama ni uzee, mbona diski ya gari inayotembea kila siku inazeeka bila kuwa nyekundu? Kama ni ugonjwa, unatoka ndani ya chuma au unatoka hewani? Sijui, Eliwaza. Mpaka sasa naandika sijui. Sikukujibu kwa sababu ya kutokujua, nikajifanya nina haraka.

Halafu tukaanza kushuka ndani. Kwenye gari ndogo diski unaivuta tu inatoka, kwenye hii ya kuvuta kwa magurudumu manne diski imejificha nyuma ya habu, lazima ufungue kitovu chote. Ulishangaa kalipa, lile koleo linalobeba pedi, kuning'inizwa kwa waya. Ukauliza, nikasema, "Ili isianguke." Nusu ya jibu. Jibu lenyewe ni kwamba kalipa ikining'inia kwa mpira wake wa mafuta ya breki, ule mpira unachanika kwa ndani, kwa nje hauoni kitu. Unakuja kujua siku gari inakataa kusimama. Ukafurahi vile vipete vilivyoruka nilipogonga kifuniko kwa nyundo, ukavikimbilia kama panzi. Ukaona ile nati kubwa. Ukaona beringi na grisi nyeusi. Diski ilikuwa imeng'ang'ania habu kwa kutu, tukaimwagia dizeli, tukaiacha tukala, tukarudi, nikaigonga kidogo kidogo kwa kuzunguka mpaka ikaachia. Ulicheka ilivyotoa mlio.

Nilipokuwa narudisha ile nati uliniona naikaza kwa nguvu, nazungusha habu, halafu nailegeza, halafu nakaza tena kidogo tu. Ukaniangalia usoni. Nikajua swali lako. Mimi pia niliangalia hivyo hivyo nilipokuwa najifunza kule Nduguti. Fundi wangu alikuwa anakaza halafu analegeza, na mimi nikawa nasema moyoni huyu mzee anasahau, anakaza kisha anajisahihisha. Niliona aibu kumuuliza. Siku aliponiachia gari peke yangu nikakaza moja kwa moja, nikajiona nimemshinda. Gari haijafika mbali, habu inatoa moshi. Kukaza kwa kwanza ni kwa ajili ya beringi kukaa mahali pake, kulegeza ni ili ipumue. Jicho liliniambia anafanya nini, halikuniambia kwa nini. Hiyo "kwa nini" ilikuwa kwenye mdomo wake, na ilikuwa lazima niiombe.

Sasa nifike kwenye diski mpya, maana hapo ndo mimi na wewe tulipoponzana.

Mzee alizinunua Singida pamoja na pedi mpya, zikaja zimepakwa mafuta ya kiwandani. Nikachukua petroli na kitambaa, nikazifuta mpaka zikakauka kabisa. Ukaniuliza, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Baba, si ulisema mafuta ndo yanazuia kutu? Mbona unayatoa?"

Nikakwambia, "Ndivyo inavyotakiwa."

Mwanangu, hilo siyo jibu. Hilo ni mlango unaofungwa. Na swali lako lilikuwa na haki yote, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Kila tukimaliza kulima, si tunaosha majembe, tunayaanika, halafu tunayapaka mashapo ya mafuta ya alizeti kabla ya kuyaweka darini? Mwaka jana kazi hiyo nilikupa wewe, na majembe yote yalitoka masika safi. Mama yako akakusifia.

Basi, jioni ile tukaacha diski zimefungwa, kalipa zimerudi na pedi mpya ndani, tairi hazijarudi kwa sababu zilikuwa kwa mziba pancha. Asubuhi ya leo umande ulikuwa mwingi. Mimi nikaenda na baiskeli kufuata tairi. Wewe ukaamka, ukaenda kuangalia diski, ukazikuta zimeanza kuwa na rangi ya chai. Zile tulizohangaikia jana. Na baba hayupo. Na gari hiyo ndo ya kukupeleka. Ukafanya nilichokufundisha.

Nimerudi, nimekuta mama yako anakaanga maandazi yako ya njiani pale pale nje, harufu ya alizeti imejaa uwanja mzima. Diski nikaziona zinang'aa, nikafurahi, nikafunga tairi. Mzee Kitundu akafika, ukamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akapanda upande wa abiria. Akasema, "Endesha wewe, mimi nataka kusikiliza."

Tukazunguka uwanja. Nikatoka kuelekea kwenye boma la mbuzi, nikakanyaga breki. Gari ikaendelea. Nyuma zilishika kidogo, mbele zikateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Nikakanyaga tena, nikavuta breki ya mkono, na tukasimama ndani ya miiba ya boma, mbuzi wote wamehamia kona moja wanatuangalia.

Mzee Kitundu akatoa mwiba mmoja uliokuwa umeingia dirishani, akautupa nje. Ndo akaniuliza taratibu, "Baba Eliwaza, hizi ulizoniwekea ni breki, au ni maombi?"

Jirani mmoja aliyekuja kuangalia akasema, "Mlimani pale si mngefika Manyoni kabla ya giza, mzee, tena bila kuwasha injini." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona ule mteremko wa kwenda barabara ya lami, magunia ya alizeti nyuma, na wewe umekaa mbele, miguu yako haifiki chini.

Nikaanza kutafuta. Nikadhani hewa imeingia kwenye mafuta ya breki, nikazitoa hewa wewe ukinisaidia kukanyaga pedali. Nikadhani mpira. Ulikuwa kimya, na wewe huwa hukai kimya, nikaliona hilo nikalipita. Mpaka nilipofungua tairi tena, nikagusa diski, nikanusa kidole. Na wakati huo huo mama yako anauliza pale kwenye maandazi yake, "Jamani, chupa yangu ya mafuta nani kaishusha mpaka nusu?"

Ukasimama. Mbele ya mzee, mbele ya majirani, mbele yangu mimi niliyelala chini ya gari. Ukasema, "Ni mimi, mama. Nilizipaka diski za gari zisioze. Kama majembe."

Mzee Kitundu akasema, "Mjukuu wangu, si ungeweka na kitunguu kabisa tukazikaanga." Watu wakavunjika mbavu. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi tu, na hukukimbia. Eliwaza, mimi umri wako ningekimbilia kwenye mtama nisionekane mpaka kesho. Hata umri huu wangu sina uhakika. Sijui hicho ulikitoa wapi. Kwangu hukukitoa.

Na sasa nakuambia kitu ambacho hukukiona, kwa sababu kilitokea ndani yangu.

Pedi mpya zilikuwa zimekunywa mafuta. Pedi ikishakunywa mafuta hata ukiifuta nje, ikipata moto inayatoa tena. Hizo zimekufa. Duka la karibu lenye pedi za gari hii halipo kabla ya Singida. Mzee Kitundu akachuchumaa kando yangu na mguu wake ule mbovu, akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, mimi si mtu wa kulazimisha chuma. Ukiniambia haifai, naahirisha safari mpaka wiki ijayo. Alizeti haiozi. Sema wewe."

Wiki ijayo shule imeshafunguliwa. Wiki ijayo kitanda cha kwa shangazi kina mtoto wa wifi. Ilikuwa ni mimi kusema neno moja, "haifai," na ungebaki. Hakuna mtu angenilaumu. Hata wewe usingenilaumu, ungejilaumu mwenyewe, ungesema ni mafuta yangu. Ningekuwa na wewe hapa mwaka mwingine mzima, unachuchumaa kando ya gari, unabandua magamba kwa kucha. Neno lilifika hapa kwenye meno. Nilitamani sana breki zife, mwanangu. Wewe unajua nilivyohangaika kuzitengeneza. Nilitamani zife.

Na zile pedi za zamani nilikuwa naziona pale kwenye karai. Bado nene zaidi ya nusu. Zilikuwa na mifereji tu ya ile diski mbovu. Ukizisugua zikawa bapa, zinafaa. Nilijua tangu mzee hajachuchumaa.

Nikakuangalia. Ulikuwa umebeba lile kopo la petroli bila kuambiwa, umelikumbatia kwa mikono miwili.

Nikasema, "Zipo pedi za zamani, mzee. Nikizisugua zitafaa. Kesho mnaondoka."

Nilisema yote hayo kwa pumzi moja. Mama yako aliacha kugeuza maandazi akaniangalia. Anajua kwangu hiyo ni hotuba.

Halafu ndo tukakaa mimi na wewe kwenye msasa tuliougundisha juu ya ubao, mimi pedi mbili, wewe mbili, tunasugua. Na hapo nikakueleza, nadhani nimeongea kuliko mwaka mzima uliopita. Nikakueleza kwamba jembe kazi yake ni kuteleza kwenye udongo, na darini halina kazi, linalala, kwa hiyo mafuta yanalifaa. Diski kazi yake ni kushikwa. Ukiizuia isishikwe umekilinda chuma ukamuua mtu. Na ile rangi ya chai ya asubuhi haidhuru, ni nyembamba kama vumbi, ukikanyaga breki mara ya kwanza pedi zinaifuta yote. Kutu mbaya ni ya kusimama muda mrefu. Ukasema, "Kwa hiyo dawa ya kutu ya diski ni kutumika?" Nikasema ndiyo. Nikajua kwamba hilo nalo nilikuwa nalijua kwa mikono tu, wewe ndo umelitia maneno.

Ukauliza tena, "Na ulivyosema ndivyo inavyotakiwa, ulikuwa unajua haya yote?"

Nikasema, "Nilikuwa nayajua."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilikuambia nilikuwa na haraka. Jibu la kweli ni hili. Mimi nilifundishwa na watu wanaofanya kimya, nikadhani kukaa kimya ni sehemu ya kazi, kama spana. Nikadhani mtoto akiangalia inatosha. Leo nimeona mtoto aliyeangalia vizuri kabisa, aliyekumbuka vizuri kabisa, aliyefanya kwa upendo, na gari ikaingia bomani. Kosa lako lilikuwa na akili ndani yake. Kosa langu lilikuwa uvivu wa mdomo.

Tukazifuta diski kwa petroli, tukafunga kila kitu, na tulipojaribu mara ya pili ulikuwa mbele katikati yetu. Kwanza taratibu, nikanyage niachie, nikanyage niachie, pedi zizoeane na diski. Halafu nikakimbiza mpaka karibu na kanisa nikakanyaga kweli. Mzee Kitundu paji la uso likagusa kioo. Akajishika, akasema, "Haya, hizi zinasujudisha." Ukacheka mpaka ukashika tumbo, na mimi nikacheka, na huo mlio wako bado uko masikioni sasa hivi.

Kule Manyoni watakuwepo watu watakaokujibu kama nilivyokujibu mimi. Mwalimu, au shangazi yako akiwa amechoka, au mtu wa reli utakayemuuliza kitu, maana nakujua, utaanza na reli. Watakwambia ndivyo inavyotakiwa. Usiwachukie, wengi wao wanajua na hawajazoea kusema, na wengine hawajui wanaona aibu. Subiri kidogo, uliza tena kwa njia nyingine. Na kama hakuna wa kumuuliza na jambo linahusu chombo kinachobeba watu, ngoja. Mafuta hayakuwa na haraka leo asubuhi. Mimi nilikuwa naja na baiskeli.

Na swali lako lile la ugonjwa na uzee, nenda nalo. Ukipata anayejua, mpigie mama yako simu umwambie anipe. Mimi nitasikiliza. Kwenye simu najua kusikiliza vizuri kuliko kusema, usidhani nimekata.

Sasa habari ya kesho, ili usishangae. Mzee Kitundu ameniomba nipande nao mpaka chini ya mteremko, nikae nyuma juu ya magunia, nisikilize. Chini pale atasimama. Nitashuka, nitapita kila tairi, nitaweka mkono karibu na habu nione joto. Ikiwa moja inaunguza na mwenzake hapana, gari hairudi barabarani, na wewe hurudi ndani yake, hata kama kitanda kitachukuliwa. Hilo nimeshamwambia mzee na amekubali. Ikiwa zote zina joto sawa, basi ni mimi ninayetakiwa kusema nendeni.

Nadhani zitakuwa sawa. Nimezifunga vizuri, Eliwaza. Kwa hiyo nadhani kesho nitatakiwa kulisema hilo neno, na nimelijaribu hapa peke yangu, halitoki. Sitakuja dirishani, nikija dirishani nitakushika mkono na mzee ataondoka jioni. Nitapita nyuma ya gari. Nitagonga bodi kwa kiganja, kama wanavyogonga makonda dereva aondoke. Ukisikia mlio huo nyuma yako ujue ndo mimi, na ujue nimeshika magurudumu yote manne kabla ya kugonga.

Baba yako